Mama wa Udongo

Sifa kwa Mungu, Baba wa kila chenye pumzi, aliyeniacha hai mpaka meno yameniisha na kumbukumbu zimebaki. Yeye ndiye aliyenijalia kuzaliwa na mama mcha Mungu, akanipeleka kwa masista nikajifunza kusoma maneno yake, na kila asubuhi nikifumbua macho najua kwamba nimepewa. Haya ninayoandika simlalamikii Yeye. Ni habari za kuku tu. Lakini namwomba aushike mkono wangu nisiseme uongo, maana uchungu wa mambo haya haujapoa, na mtu mwenye uchungu hupenda kuongeza chumvi.

Kijiji chetu kilikuwa kando ya barabara itokayo Kasongo kwenda Kabambare. Ilikuwa wakati wa Wabelgiji, na kila nyumba ililima mpunga na pamba ya Serikali kabla ya kulima mihogo yake yenyewe. Baba alikuwa ameandikwa kazi mgodini, akirudi kwa nadra, kwa hiyo mambo ya nyumba yetu yalikuwa mikononi mwa mama. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, tayari nimechumbiwa na kijana wa upande wa Kabambare. Ndoa ilipangwa ifungwe kiangazi, mpunga ukisha kuvunwa.

Katika ukoo wetu binti hakuondoka kwa mama yake bila kuku. Alibeba mitetea na jogoo mmoja katika tenga, nao walitakiwa wawe uzao wa kuku wa mama yake, ambao ni uzao wa kuku wa bibi yake, hivyo hivyo mpaka huko ambako hakuna anayekumbuka. Kuku wa kununua hakufaa, wala wa kupewa na jirani. Kuku hao ndio walioanza ua wa binti kwa mume wake. Mgeni akija, binti alichinja kuku wa kwao. Akigombana na mumewe, alikuwa na kitu chake mwenyewe kinachotembea uani. Mama alikuja kwa baba na kuku wa namna hiyo, na tangu nilipochumbiwa alikuwa akinichagulia wangu kwa macho, jioni, wanapopanda kulala. Mahari hayakumhangaisha, hayo yalikuwa ya wanaume. Yeye alichotaka ni kuniona naondoka na tenga lililojaa.

Mvua zilipoanza, kapita, msimamizi wa Serikali pale kijijini, alituita uwanjani. Bwana agronomo, yule mzungu wa mashamba, alikuja kutoka Kasongo pamoja na monita wake, mtu mweusi mwenye kaptula iliyopigwa pasi, ambaye ndiye aliyetafsiri. Alisema majogoo yetu ni madogo kama njiwa, kelele nyingi na nyama kidogo. Yote yachinjwe. Serikali italeta vifaranga wa kabila kubwa, kila nyumba ipewe wa kuwalea, na wakisha kukua, kila ua utabakiwa na jogoo mmoja mkubwa wa kupanda mitetea yetu. Kuanzia hapo kuku wetu wote watakuwa wakubwa. Ndivyo tulivyosikia kwa masikio yetu.

Mzee mmoja wa Waislamu wa mtaa wa juu aliinua mkono. "Na alfajiri, bwana, nani atatuamsha?"

Monita hakutafsiri. Alisema tu, "Mutaamushwa."

Juma lile kijiji kizima kilinuka mchuzi. Watoto walifurahi, walidhani ni sikukuu. Mama alimchinja jogoo wake kwa mkono wake mwenyewe, mwekundu mwenye shingo nyeusi, akatia nyama chunguni, na yeye hakula. Wala si kwa kuwa wanawake wa kwetu zamani walikatazwa kuku. Hilo masista walikuwa wamelifuta. Alisema hana njaa.

Ng'ambo ya njia alikaa shangazi yangu, dada ya baba, mjane mwenye ulimi. Yeye na mama, kwa kuwa walikuwa mawifi, walitaniana mchana kutwa. Jioni ile alivuka njia akasimama mlangoni.

"Wifi, umemuchinja kweli?"

"Nimemchinja. Na wewe?"

"Wangu alikufa jana. Homa."

"Homa gani?"

"Homa ya kapita."

Mama alijizuia kucheka akashindwa. Halafu akasema, "Sikukuuliza kitu, na wewe hukunijibu."

Siku chache baadaye nilitumwa kwa shangazi kuomba moto, nikaona nyuma ya magunia tenga jipya, pana lakini fupi mno, halifiki hata goti. Ndani yake jogoo alikuwa amejikunja. Jogoo akitaka kuwika husimama, akanyoosha shingo. Asipopata nafasi ya kunyoosha shingo hawiki. Shangazi alikuwa amelisuka tenga kwa kipimo cha mgongo wa jogoo. Aliniona nikitazama, akaweka kidole mdomoni.

Nilimwambia mama. Akasema, "Sisi tulisema ndiyo mbele ya watu wote. Mungu alisikia ile ndiyo." Akaendelea kumenya mihogo.

Vifaranga walikuja kwa lori, katika masanduku ya karatasi ngumu yenye matundu. Walikuwa wamesafiri kwa treni kutoka mbali, na wengine walikuwa wameshakufa humo ndani. Wanawake walichungulia. Mmoja akauliza, "Mama yao iko wapi?"

"Hawana mama," monita alijibu. "Wameanguliwa na mashine."

Watu walitazamana. Kisha shangazi akasema, "Basi mashine ije iwanyonyeshe," na uwanja mzima ukacheka, isipokuwa kapita.

Monita alikataza kuwaweka chini ya mitetea yetu, kwa sababu ya chawa na magonjwa ya kienyeji. Alisema wanataka joto, mchana na usiku, mpaka waote manyoya. Joto hilo litoke wapi, hakusema. Alisema tu kwamba kwa kila atakayekufa tutajieleza.

Mama na mimi tulikaa chini tukafikiri. Kitu cha kushika joto tulikijua kimoja tu: kikaushio cha nyama na samaki. Kwetu hujengwa kwa fito, hukandikwa udongo pande zote, huachwa mlango mdogo, na makaa hukaa chini yakifukuta. Tulijenga kama hicho, tena kwa bidii, tukaziba kila ufa kwa kuogopa panya na baridi. Tuliweka chungu cha makaa katikati, tukamwaga makapi ya mpunga sakafuni, tukawaingiza watoto wa Serikali, tukafunga. Walilia kidogo, wakanyamaza. Mama alifurahi, akasema wamelala.

Tulipofungua walikuwa wamelala ubavu, safu kwa safu, miguu imenyooka. Si wote, lakini wengi. Hawakuungua hata unyoya. Hewa ya makaa ndiyo iliyowaua. Tulikuwa tumejenga kwa ufundi wetu wote chombo cha kukaushia nyama, na kikafanya kazi yake. Mama aliwatoa mmoja mmoja, akawapanga juu ya jani la mgomba, akafanya ishara ya msalaba. Shangazi alipokuja hakutania. Alisema tu, "Pole, wifi," akachukua jembe akachimba shimo.

Waliobaki mama aliwaweka kifuani, ndani ya kitambaa, akafanya kazi zake zote nao. Kila alipoinama walilia. Wakati huo akawa anamtazama mtetea wake mmoja aliyekuwa na watoto wa mwisho, walioanguliwa kabla ya majogoo kuchinjwa, ambao baadaye mwewe na nyoka waliwamaliza. Alimtazama kama mtu anayesoma. Mtetea hafungi mlango. Anakaa juu ya watoto, joto linatoka juu, mgongoni mwao, na wao hutoa vichwa kati ya manyoya wanapotaka hewa. Anayeona joto huenda pembeni, anayeona baridi huingia ndani zaidi. Mama akasema, "Tulijenga nyumba. Kumbe wanataka tumbo."

Tulivunja kile kikaushio, tukaanza upya. Safari hii tulichimba shimo dogo nje ya ukuta wa jiko, tukaweka makaa humo, moshi na hewa yake mbaya vikatoka nje. Kwa upande wa ndani, kwenye ukuta ule ule uliopashwa moto na shimo, tulifinyanga kwa udongo wa kichuguu kitu cha mviringo, kinene, chenye mgongo kama mtetea aliyeatamia, kilicho wazi chini pande zote. Udongo ule ukipata moto huushika hata makaa yakizimika. Kuzunguka kingo zake tulining'iniza vipande vya blanketi kuukuu la baba, ili vifaranga waingie na kutoka kati yake kama wanavyopita kwenye mabawa. Tulikiita mama wa udongo. Tulijifunza kusikiliza: wakilia kwa sauti nyembamba ni baridi, tuliongeza makaa, wakinyamaza na kuhema midomo wazi ni joto, tulitia majivu, wakizungumza chini chini kama wazee wakiota jua, tuliwaacha. Kila mtu aliyelala jikoni alijifunza kuamka kwa mlio.

Wanawake wa nyumba nyingine walikuja kuangalia wakajenga vya kwao. Kimoja kilipasuka kwa sababu udongo ulikuwa wa mtoni. Kingine kiliingiliwa na siafu. Lakini vingi vilifaa, na monita alipopita aliandika jambo, akaenda.

Joto tulilitengeneza; mafundisho yalikuwa kazi nyingine. Watoto wa mashine hawakujua kitu. Hawakujua mchwa ni chakula. Kivuli cha mwewe kikipita walisimama wakakitazama. Kwa hiyo mama alianza kuwaita kama mtetea. Mwanzo aliona haya, alifanya hivyo ndani tu, kisha akazoea. Aliparua chini kwa vidole na kutoa sauti ile ya kooni, ko-ko-ko, nao walikuja mbio kula chenga za mchele na mchwa. Mwewe akionekana alitoa mlio mwingine, mkali, nao walijitupa chini ya kanga yake. Walimfuata kisimani. Walimfuata mpaka mlango wa kanisa, katekista akamwomba arudi kuwafungia.

"Wifi," shangazi alimwambia, "utaanza kutaga lini?"

"Nikitaga nitakuletea uatamie. Wewe ndiye unayejua kuficha vitu."

"Nyamaza, njia iko na masikio."

Walikua haraka, hilo sitalikana. Walikuwa na miguu minene ya njano na manyoya ya rangi ya kutu. Kati yao kulikuwa na jogoo mmoja aliyesimama vizuri kuliko wenzake, mpole, anayewaachia majike chakula. Mama alimwonyesha kwa kidevu. "Huyu ndiye wetu. Atapanda mitetea yangu, na watoto wao utaondoka nao. Nusu watakuwa damu ya bibi yako. Nusu si kitu kidogo." Alihesabu kwa miezi, mvua na kiangazi, akaona muda unatosha. Aliimba siku ile. Mimi pia niliamini. Nilimpa jogoo yule chenga kutoka mkononi mwangu.

Lori lilirudi mpunga ulipokuwa ukivunwa. Bwana agronomo alishuka mwenyewe, kofia kichwani, akitabasamu. Kijiji chetu kilikuwa kimeokoa vifaranga wengi kuliko vijiji vingine, na alifurahi kwa kweli. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Monita alisema kuku wote wapya wakusanywe, majike na majogoo, wapelekwe Kasongo.

Mama alisimama. Haikuwa desturi yake kusema mbele ya watu.

"Tuliambiwa jogoo mmoja atabaki kila ua."

"Atabaki," monita alisema. "Si leo. Kwanza wachaguliwe kule."

"Warudi lini?"

"Mzungu akisema."

"Muulize."

Monita alimwambia mzungu maneno mafupi, mzungu akajibu mafupi zaidi. "Anasema musiwe na haraka."

"Mitetea yetu haijapandwa tangu mvua. Mayai yanaoza. Binti yangu anaolewa kiangazi hiki."

Neno hilo monita hakulitafsiri. Alitazama pembeni, na nadhani aliona aibu, maana naye alikuwa na mama.

Polisi waliokuja na lori na vijana wa kapita walianza kuwakimbiza kuku. Ua mzima ulijaa vumbi na manyoya. Kuku wapya wa uani kwetu walikuwa wepesi, tuliwafundisha wenyewe kukimbia hatari, wakaruka juu ya paa na kuingia katika mihogo. Polisi mmoja alianguka, watu wakacheka, na kapita akakasirika. Alimgeukia mama. "Weye, mama wa kuku. Waite."

Mama alifunga kanga yake upya kiunoni.

"Waite, ao wakija na fimbo kesho usiseme sikukuambia."

Nilimwona mama akitazama barabara, kisha akanitazama mimi, kisha chini. Alipiga magoti. Akaparua vumbi kwa vidole vyake, akatoa ile sauti ya kooni, ko-ko-ko. Wakaja. Walitoka katika mihogo, waliruka kutoka paani, walimzunguka wakidonoa mahali ambapo hapakuwa na chakula. Hakuna aliyewakimbiza tena. Polisi waliwaokota kama mtu anavyookota maembe, wakawafunga miguu. Jogoo wetu alikuwa wa mbele. Alikamatwa akiwa ameinua kichwa kumtazama mama usoni.

Mzungu alipiga makofi kidogo. Alisema jambo, na hilo monita alilitafsiri: "Anasema weye ni mama muzuri sana." Alimpa kipande cha sabuni. Mama alikipokea kwa mikono miwili, kama tulivyofundishwa kupokea.

Hatukuwaona tena. Kijana wa kijiji chetu aliyeosha vyombo katika nyumba moja ya wazungu kule Kasongo alisema alinyonyoa kuku wa rangi ya kutu Jumapili nyingi. Labda wengine walichaguliwa kweli. Mimi sikuwapo.

Baada ya siku kadhaa mama alivuka njia. Alikuwa hajawahi kwenda kwa shangazi kuomba jambo lile, na alitembea kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa. Nilimfuata.

"Wifi," alisema, "nimekuja kwa yule aliyekufa kwa homa."

Shangazi hakucheka. Wala hakusema, ulikuwa wapi na dini yako, ingawa nililisubiri neno hilo. Alisogeza magunia, akafungua tenga fupi, akamtoa jogoo na kumweka chini mlangoni, penye mwanga.

Alikuwa amekaa humo mvua zote. Mgongo wake ulikuwa umepinda kufuata kifuniko. Alijaribu kusimama, magoti hayakufunguka, akatembea juu ya magoti hatua chache, akaketi. Tulileta mtetea. Alimwona, akatandaza bawa moja kama majogoo wanavyofanya, akaanguka upande wa bawa hilo. Mtetea alimdona kichwani, akaenda zake.

Tulijaribu siku nyingi. Tulimkanda miguu kwa mawese ya moto. Shangazi aliliharibu tenga kwa panga, akalikanyaga. Alisema, "Nilimuficha, wifi. Nilimuficha vizuri sana," na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeeleza mbele ya baraza. Mama alimshika bega. Mmoja alitii, mwingine alidanganya, na wote wawili walikaa juu ya gogo moja wakitazama kuku asiyeweza kusimama.

Kiangazi kilikuja, na hakuna aliyeahirisha ndoa kwa ajili ya jogoo. Mama alinipa mitetea wake wawili waliobaki, wakubwa kwa umri, akasuka tenga kubwa kuliko walilohitaji. Aliponiaga hakusema habari za kuku. Alinikumbusha sala za jioni na akaniambia nisiwajibu wakwe kwa haraka. Ndipo akainama akajifanya anafunga kamba ya tenga, iliyokuwa imekwisha kufungwa.

Tulitembea na watu wa mume wangu mpaka upande wa Kabambare. Mama mkwe alinipokea vizuri, Mungu amlaze pema. Alifungua tenga, akawatoa mitetea, akatia mkono mpaka chini.

"Na jogoo, mwanangu?"

"Serikali ilikataza, mama."

"Na hapa pia," alisema. "Hapa pia."

Mmoja wa mitetea wale alianza kutaga. Alikusanya mayai nyuma ya jiko, akaatamia. Nilijua hayana kitu, lakini sikuthubutu kumwondoa, kwa kuwa ndicho kitu pekee cha mama yangu nilichokuwa nacho pale. Alikaa mpaka muda wa kuangua ukapita. Akaendelea kukaa. Alikonda, kishungi chake kikapauka, hakushuka hata kula. Mama mkwe ndiye aliyekuja asubuhi moja akaniambia, "Binti yangu, usimuache afe kwa matumaini. Hii si ibada." Akamwinua kwa upole, na mimi nikayabeba mayai kwenye kitambaa mpaka shimoni. Yalikuwa mepesi. Nikayavunja yote, kama alivyoniagiza, ili asiyatafute tena. Harufu yake ilibaki mikononi mwangu siku ile nzima, na jioni nikasali nayo.

Baadaye Serikali ilileta majogoo yake hata huku, nao wakajaa. Wajukuu wangu wanawafuga. Ni kuku wazuri. Nawalisha, namshukuru Mungu kwa mayai yao, na siwapendi.

Ewe unayesoma maneno haya, Bwana akulinde wewe na walio nyumbani mwako. Akupe chakula cha jasho lako na amani ya kukila. Awarehemu wazazi wako, walio hai na waliotangulia, na moyo wako ukijaa uchungu, Yeye aujuaye autulize kwa wakati wake. Amina.